Seva Zitafungwa

Mimi nilikuwa nafunga madishi juu ya mapaa ya mji huu wakati wengi wanaojiita mafundi leo bado wanabebwa mgongoni. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani, asije akabisha katikati. Inua macho utazame dishi lolote lililokaa imara, ambalo picha yake haikatiki hata mvua ikinyesha. Hilo ni langu. Lile linaloyumba kama mlevi ni la mtu mwingine, tusitajane.

Shule niliishia darasa la sita. Si kwamba sikuwa na akili, ila mwalimu alichoka kusahihishwa.

Lakini leo sikukaa chini kujisifu. Leo namwandika mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, mpiga pasi katika duka la dobi nyuma ya kituo cha mafuta. Nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina likamganda. Sasa ana miaka thelathini na minne, na mvi mbili ambazo anadai ni chokaa ya ukutani.

Ukifika pale dobi humwoni. Utamwona mzee wa kaunta na tiketi zake za karatasi, na nyuma ya pazia la plastiki utasikia mvuke ukipumua, fyuu, fyuu. Huyo ndiye. Anasimama saa tisa kwa siku mbele ya meza iliyotandikwa blanketi na shuka, pasi ikining'inia kwa bomba lake juu ya kichwa. Shati analianza kwenye kola, kisha mabega, mikono, mgongo, na kifua mwisho, kwa sababu kifua ndicho kinachotazamwa, kisipate mkunjo wakati unageuza sehemu nyingine. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia ana kovu la kuungua lililozunguka kama bangili. Kwa wiki anapiga mashati zaidi ya mia tano, na hakuna hata mwenye shati mmoja anayeijua sura yake.

Jumapili hapigi pasi. Jumapili anacheza gemu.

Najua unavyofikiri. Mwanamke mtu mzima, gemu. Hata mimi nilimcheka mpaka nikachoka, akaendelea kucheza. Chumba chake ni kimoja, kitanda upande huu wa pazia na TV upande ule, juu ya sanduku la bati. Mashine ya gemu anaifunika kwa foronya ambayo mteja hakuirudia. Na anayo maoni mengi kuhusu magemu kuliko waziri alivyo na maoni kuhusu kilimo.

Siku moja nilikuwa nimekaa kwake na bisibisi yangu ndogo, namtengenezea padi. Padi ni ule mkono wa kuchezea, wenye vitufe na vijiti viwili vya dole gumba. Lizingatie neno vizuri, maana ukienda dukani ukasema pedi utaelekezwa duka la dawa, na mimi nilielekezwa. Kijiti cha kushoto kilikuwa kinajiendea chenyewe. Hukigusi, kinakwenda kulia taratibu.

"Mjomba, hicho kijiti umekitengeneza mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara tatu."

"Na kimeharibika mara ngapi?"

"Nne."

"Basi hukitengenezi. Unakitembelea tu."

Nikamwambia kosa si langu, ni vumbi. Akacheka.

"Si vumbi. Wenye kiwanda wameweka ndani kitu kinachosuguana, na kinachosuguana kinaisha. Pasi yangu ina miaka kumi na moja. Unadhani hawawezi kutengeneza kijiti cha miaka kumi na moja? Wanaweza. Ila wakikitengeneza, mwakani watakuuzia nini?"

"Kumbe una siasa."

"Sina siasa, nina dole gumba linaniuma. Na zile za zamani zenye waya zilikuwa bora. Waya ni kama kamba ya mbuzi, unajua mnyama wako alipo. Hii isiyo na waya inakufa chaji katikati ya safari, inakuacha umeshika sabuni."

Akishaanza hivyo humzuii. Kuhusu gemu zinazotoka kabla hazijakamilika alisema, "Ni kama nikupe shati halina mikono, nikwambie mikono inakuja mwezi wa tatu ukiwa na mtandao." Kuhusu gemu zinazouza mavazi ya wahusika alisema, "Juzi wananiuzia kofia ya dereva wa treni. Dereva amekaa ndani, haonekani hata na mimi mwenyewe. Nimvalishe kofia aende wapi?" Na kuhusu zile za kupigana bunduki alisema alicheza siku mbili akaacha, kwa kuwa watoto wa watu walikuwa wanamtukania mama yake kwenye spika za masikioni, na mama yake ni marehemu.

Gemu yake ni ya treni. Unaendesha treni ya abiria kwenye reli inayopita milimani, unasimama stesheni, milango inafunguka, watu wanashuka, milango inajifunga, unaondoka. Basi. Hapigwi mtu, hashindi mtu.

"Raha iko wapi hapo?" nilimuuliza.

"Raha ni kusimama, mjomba. Mlango wa behewa ukae sawasawa na mstari wa jukwaani. Kusimama ni kazi."

Sasa ngoja nikueleze kwa nini treni, maana hapo ndipo ilipo habari yenyewe.

Kitinda ana kaka yake, mmoja tu. Huyo tulimwita Breki, kwa kejeli, kwa sababu tangu utoto hakuwa nayo. Akikimbia kuja kukusalimia anapitiliza mpaka ukutani, kisha anarudi. Walipokuwa wadogo mimi niliwapelekea TV na mashine kuukuu ya gemu, vyote nilipewa na mteja aliyekuwa anahama. Mjomba wa namna hiyo hupati kirahisi. Spika ya TV ilikuwa imekufa, hilo sikuwaambia, waligundua wenyewe. Gemu iliyokuwemo ilikuwa moja, ya treni, na padi moja. Breki akawa dereva, na Kitinda akapewa kazi ya honi, kwa mdomo. "Pi, pi, piiii." Mbili fupi, moja ndefu. Aliibuni mwenyewe akiwa na miaka sita, wala haikuwa ndani ya gemu. Dada yangu akipita na ndoo alikuwa anauliza, "Hii ni treni ya saa ngapi?" nao wanamjibu kwa pamoja, "Imechelewa."

Breki akakua, akasafiri kwenda kufanya kazi nchi za mbali. Mama yao alipofariki hakuja kuzika. Karatasi zake hazikuwa sawa; angetoka asingeweza kurudi. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile tulichokijua ni kwamba kaburi limefunikwa na mtoto wa kiume hayupo. Kitinda alimpigia simu akiwa bado na udongo kwenye kanga, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni. Alisema maneno machache. La mwisho lilikuwa, "Kuanzia leo mimi sina kaka."

Breki ni mtu wa kupitiliza, nimeshakwambia. Alilichukua neno zima. Akabadilisha namba, akafuta kurasa zake zote, akawa kama hakuwahi kuzaliwa. Nilimtafuta mimi, walimtafuta rafiki zake wa shule, hakupatikana.

Ikapita miaka miwili. Kitinda akainunua ile gemu ya treni kwa sababu ya milima tu, anasema. Katika gemu hiyo treni zinazopita si za mashine zote. Nyingine zinaendeshwa na watu wa kweli waliokaa makwao duniani kote, wote wameungana kupitia kompyuta kubwa za kampuni, ndizo wanaziita seva. Jumapili moja, saa nane mchana, amesimama kwenye stesheni ya mlimani anasubiri taa. Treni ikaja upande wa pili. Ikapitiliza jukwaa. Ikarudi nyuma taratibu, kwa aibu. Ikapiga honi mbili fupi, moja ndefu.

Aliniambia aliinuka akaisogelea TV. Madereva wote wa gemu ile hupiga honi mara moja. Akaijibu vilevile. Ile treni haikuondoka. Ilikaa pale hadi saa kumi, taa zake zinawaka, kisha ikaenda zake.

Jumapili iliyofuata, saa nane, ikaja tena. Na iliyofuata tena.

Jina aliloandika Kitinda kwenye gemu ni Kitinda, kwa hiyo yule naye alijua. Lipo sanduku la kuandikiana ujumbe pembeni ya skrini. Mwaka na nusu, hakuna aliyeandika herufi. Wanakutana, wanapigiana honi, wanaongozana reli nzima mmoja mbele mmoja nyuma, saa kumi wanaachana.

"Si umwandikie tu?" nilikuwa namwambia. "Vidole unavyo."

"Nikiandika atakumbuka nilichosema. Kwa saa hizi mbili amesahau."

"Nawe?"

"Mimi sijasahau. Lakini nikiwa naendesha linaniuma kidogo."

Siku nyingine alikuwa anageuza. "Yeye ndiye mkubwa. Aanze yeye." Nikamwambia hivyo ndivyo alivyokuwa mama yao, angekufa na kiu mezani akingoja asogezewe maji. Akanirushia foronya.

Lakini alikuwa anajiandaa. Niliona nyuma ya tiketi ya dobi ameandika kwa kalamu, amekata, ameandika tena: "Kaka, nilisema sina kaka. Nilisema vibaya. Mama hakukulaumu." Hayo tu. Yalimchukua miezi mitatu. Akaniambia anataka aendelee kuyapunguza, maana kuandika kwa padi ni kazi. Unachagua herufi moja moja kwa kijiti, kama kuokota mchele kwa mwiko.

Ndipo ikaja ile taarifa.

Nilikuwa kazini, juu ya paa la duka la vipodozi, nimekaa pembeni ya dishi na spana. Nikamwona Kitinda chini, amevaa aproni ya dobi, saa za kazi. Yeye haondoki saa za kazi hata kwa homa. Nikateremka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Pasi imelipuka?"

"Soma hii." Akanipa simu. Alikuwa ameipiga picha skrini ya TV asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ile gemu aliiweka kwa Kiswahili tangu mwanzo, na kampuni iliandika hivi: *Mpendwa mchezaji, seva za mchezo huu zitafungwa tarehe 30 mwezi ujao. Tunakushukuru kwa kusafiri nasi.*

"Mjomba, wanafunga," akasema. "Jumapili hii lazima nimwandikie. Nikichelewa simpati tena maisha."

Nikaisoma mara mbili. Na mimi, msomaji, niliyekuwa na spana mkononi na mguu mmoja bado kwenye ngazi, nikacheka.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "mimi hapa juu nafanya nini?"

"Unafunga dishi."

"Nikimaliza kulifunga, mwenye duka ataona picha au hataona?"

"Ataona."

"Jana nimefunga pampu ya maji kwa mwalimu. Leo maji yanatoka au yamekatika?"

Akatazama juu, kwenye dishi.

"Seva zitafungwa. Zitafungwa kama hili linavyofungwa. Wanaleta mpya. Zile za zamani zimechoka, si wewe mwenyewe umesema wenye viwanda wanapenda vipya?"

"Lakini wanashukuru, mjomba. Mtu anashukuru akiwa anaondoka."

"Mimi kila nikimaliza kumfungia mteja namshukuru. Hiyo ni adabu ya fundi. Kampuni ingekuwa inaondoka ingesema inaondoka."

Akaichukua simu yake. Nilimwona anavyotaka kuniamini. Ukitaka kujua mtu anavyopokea habari njema baada ya kukimbia kwa miguu barabara mbili, tazama mabega. Yanashuka kama shati linapotolewa kwenye henga.

"Kwa hiyo ninao muda," akasema.

"Unao mpaka uchoke. Tena subiri hizo mpya zifungwe, zitakuwa na kasi. Uandike barua yako kwa raha, usimkurupukie kaka yako kama polisi."

Akarudi kazini. Nami nikapanda paani, nikijiona mtu mwenye faida.

Zikapita Jumapili tano. Mbili kati ya hizo nilikuwepo, nimekaa kitandani nakula karanga. Kuna jambo alilifanya Breki ambalo hakuwahi kulifanya. Ilipofika saa kumi hakuondoka. Alibaki stesheni, treni yake uso kwa uso na ya Kitinda, akapiga honi ile yao. Akatulia. Akapiga tena. Akatulia muda mrefu kama mtu aliyebisha hodi anasikiliza. Akapiga tena.

"Leo ana furaha," Kitinda akasema, na yeye anamjibu huku anacheka.

"Amesikia mitambo mipya inakuja," nikasema. "Huko kwao habari zinafika mapema."

Nililisema hilo kwa mdomo wangu huu.

Tarehe thelathini ikaangukia Jumapili. Nilikwenda mapema kwa sababu nilitaka kuona ufungaji; mimi ni mtu wa fani, mitambo mipya hainipiti. Nilikuwa pia nimemletea padi, nimekisafisha kijiti kwa pamba na spiriti, nimemhakikishia sasa ni kama cha dukani. Akawasha saa nane kasoro. Pembeni ya skrini, juu kulia, kulikuwa na saa ndogo nyekundu inahesabu kurudi nyuma. Dakika thelathini na nne.

"Huo ndio muda wa kufunga," nikamweleza. "Ikifika sifuri zinawaka mpya."

Treni zilikuwa nyingi kuliko siku zote. Hazikuwa zinakwenda popote. Zilikuwa zimejipanga kwenye stesheni ya mlimani, nyuma kwa mbele, zinapiga honi ovyo, na kwenye sanduku la ujumbe maandishi ya lugha za watu yalikuwa yanapita kama maji ya mfereji. Kitinda alikuwa anamtafuta mmoja tu. Haonekani.

"Labda foleni imemzuia," nikasema.

Saa nyekundu ilipofika dakika kumi na moja, katika yale maandishi ya kigeni ukapita mstari wa Kiswahili. Mtu tusiyemjua, wa mji mwingine, aliandika: *Haya jamani kwaherini, wanazima. Nitawamiss.*

Tukausoma wote wawili. Kufunga unaweza kukugeuza utakavyo. Kuzima hakugeuki.

Kitinda hakunitazama. Alifungua sanduku la ujumbe. Zikatokea herufi zote zimejipanga kwenye mistari, na kiduara cha kuchagulia. Akakisogeza kwenda kwenye K. Kikafika K, kikapita, kikaenda L. Akakirudisha. Kikaenda tena kulia, taratibu, peke yake.

"Mjomba, kijiti."

"Kishike kushoto kidogo, ukisukume kinyume."

"Nakishika."

"Nipe mimi."

"Hapana."

Dakika tisa. Ameshapata K. Dakika nane, A. Na hapo nje ya herufi, nyuma yake, tukaiona treni inaingia, inapitiliza jukwaa, nusura izigonge zile zilizopangwa, inarudi nyuma. Honi mbili fupi, moja ndefu.

Kuipiga honi ilibidi afunge zile herufi, na akizifunga alichoandika kinafutika. Akachagua kuandika. Breki akapiga tena, hakujibiwa. Nilikuwa natafuta simu yangu nione kama inaweza kuunganishwa na ile mashine, natafuta huku najua haiwezi. K akaipata tena. A. Kiduara kikaganda juu ya A, kidole chake kimeng'ang'ania kitufe, ikajiandika A, na A nyingine, na nyingine. Dakika mbili. Hakuwa na nafasi ya kufuta, wala ya mama, wala ya vibaya. Akabonyeza tuma.

*Kitinda: kakaaaaaaa*

Likakaa pale kwenye mstari wake, chini ya kwaheri za watu.

Honi ikasikika. Mbili fupi, moja ndefu. Sasa mimi nakuuliza wewe, maana mimi nimejiuliza vya kutosha: alikuwa amelisoma, au alikuwa anaendelea tu kubisha hodi kama alivyokuwa anabisha tangu mwanzo? Kitinda alifunga herufi ili amjibu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha honi. Skrini ikawa nyeusi, kisha ikaleta picha ya mlima mtupu na maandishi, *Huduma hii haipatikani.*

Nilitegemea atapiga kelele. Aliweka padi chini, akaikunja foronya mara mbili, akaikunjua, akaikunja tena kwa mistari ileile.

"Mjomba," akasema. "Ulisema kufunga."

Mimi ni mtu ambaye hajawahi kukosa jibu. Hata msibani huwa napewa nafasi ya kusema. Nikaiokota ile padi, nikaanza kuifungua kwa bisibisi.

Kesho yake nilianza kupambana. Niliiandikia kampuni, nikaeleza yote, ukurasa na nusu, tangu TV yenye spika iliyokufa. Nikaomba kitu kimoja tu: wamtumie yule dereva namba yetu ya simu. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: wanathamini maoni yangu, wanajali siri za wateja wao, na je, ningependa kuipa huduma hii nyota ngapi? Nikaandika tena. Likaja jibu lilelile, na nyota zilezile. Nikamtafuta yule mtu wa Kiswahili aliyeaga. Jina lake lilikuwa namba tupu, na palipokuwa na jina hapapo tena. Ile namba ya zamani ya Breki niliipiga pia. Akapokea mama mmoja mpole, akasema namba ni yake mwaka wa tatu huu, akaniombea heri.

Kitinda alinisikiliza nikimweleza yote hayo kupitia pazia la plastiki, pasi haikusimama.

"Sisi hapa," akasema, "nguo isiyochukuliwa tunaitunza miezi sita. Ni sheria ya mzee wa kaunta. Hata soksi moja. Kuna shati hapo nyuma la mtu aliyefariki, na lina tiketi yake." Akageuza shati upande wa mgongo. "Mimi niliinunua ile gemu. Nikalipa yote. Kwenye kava hapakuandikwa kwamba wameniazima."

"Utapata nyingine ya treni," nikasema. "Zipo nzuri zaidi."

"Zipo. Yeye yuko kwenye ipi?"

Sikujua. Hajui mtu. Zipo gemu za treni nisizoweza kuzihesabu, na kila moja ina Jumapili zake. Ameshanunua mbili. Anakaa stesheni, anasikiliza, zinapita honi moja moja.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Saa nane ilipofika aliwasha mashine, akaziacha zile mpya, akaenda kwenye ile yake ya zamani, ambayo picha yake ya mlima bado iko kwenye orodha kama kawaida. Akaifungua. Likatokea tangazo lilelile, *Huduma hii haipatikani,* na chini yake kitufe kimoja kimeandikwa *Sawa.* Hakuna kingine. Wangeweka hata cha *Si sawa,* mtu akibonyeze tu roho itulie, lakini hawakuweka.

Akabonyeza Sawa. Likamrudisha kwenye orodha. Akaufungua tena mlima. Tangazo.

"Zamu yako," akanipa padi.

Nikabonyeza Sawa. Nikaufungua mlima. Nikampa. Jirani alikuwa anatwanga, mtoto wa mtu alikuwa anaburuta kigari cha waya nje. Tulibonyeza kwa zamu, mimi na yeye, mpaka saa kumi, saa ambayo kaka yake huondoka. Kisha akazima, akaifunika mashine, akaniuliza kama nitakunywa chai ya rangi au ya maziwa.